Ile Karatasi Niliyosema Naijua

Yaya Mwamini,

Ni mimi mudogo wako, Mama Baraka, wa nyumba ya nyuma. Hatukutoka tumbo moja, lakini wewe njo ulinipokea hapa Mikelenge nikiwa sijui hata kutia uzi kwa sindano ya mashini. Ukaniita mudogo, na mimi sikutafuta yaya mwingine. Nakuandikia kwa kaye ya shule ya mutoto wangu Neema, kurasa za nyuma. Leo ni siku ya Mungu, misa imeisha, jua iko kati, Neema ameenda kuteka maji. Mwandiko wangu unaujua. Ulikuwa unasema herufi zangu zinatembea kama watu wanatoka shamba, kila mumoja na muzigo wake. Uvumilie tu.

Nikupe habari kwanza. Arobaini yako ilipita vizuri. Mvua ilitishia, ikarudi. Watu walikula wali na samaki, wamama wa musikiti walisoma mpaka sauti zikakauka, na mimi mukristo wenu nilikaa jikoni na masufuria, njo kazi yangu. Kisha Salima wako akaniita pembeni. Akasema, "Mama mudogo, mashini ya mama uchukue wewe. Alisema hivyo yeye mwenyewe, na mudomo wake."

Mashini yako, yaya. Kunipa mimi.

Baraka aliifunga kwa pikipiki yake akaileta pole pole kama amebeba mugonjwa. Iko hapa mbele ya dirisha. Nimeitia mafuta. Pedali inalia bado pale pale inapoliaga. Kwa ile sanduku yake ndogo nimekuta vifungo, nusu ya chaki, na kipande ya ile kitambaa ya bluu. Unaikumbuka. Uliifanya ya kupangusia mafuta. Nilifunga sanduku haraka kama muntu ameona nyoka. Tangu siku ile sijashona hata pindo moja. Nakaa mbele yake, mikono kwa mapaja, wateja wananiuliza, "Mama Baraka, unaumwa?" Nasema ndiyo, mugongo.

Unaona vile naanza na habari ndogo ndogo. Naogopa kufika kwa ile yenyewe. Acha nifike.

Neema wangu sasa iko kwa darasa ya Salima. Hiyo uliiacha unaijua, Salima anafundisha kingereza, watoto wanamwita Madamu. Siku moja, juma moja kisha arobaini, Neema amerudi shuleni, amenyakua metre yangu ya kushonea, akaanza kupima nyumba nzima, kila kitu upande wa mapana. "Width ya meza! Width ya kitanda! Width ya mulango!" Mimi nasonga bugali, akaniwekea metre kwa mugongo. "Mama, width yako imepita ya mulango! Siku moto itashika nyumba utatokea wapi?" Nikamfukuza na mwiko, tukacheka.

Akanieleza vile Madamu anafundisha. Width njo mapana. Si urefu, si kimo. Muto uko na width, njo ile mutumbwi unakata toka kwetu huku mpaka Alunguli. Njia iko na width, njo inafanya magari mbili zipishane ao zishindwe. Kitambaa iko na width, toka pindo mpaka pindo. Mutoto alisema vizuri, hakukwama. Mimi niliacha kusonga, sababu ile neno naijua. Nilikuwa sijaisikia kwa sikio tangu wakati wa vita.

Kisha akasema, "Na Madamu ametupa mufano ya kuchekesha ili tusisahau. Kumbe mama mukubwa Mwamini wakati wa vita alipewa karatasi ya kingereza, hakujua width ni nini, hakuuliza muntu, akashona magauni ya wamama wa kuzaa, mafupi mafupi, mapana mapana, muji muzima wakamwita Fundi Mwavuli! Mama, darasa nzima ilikufa na kicheko. Madamu anasema, njo vile kutojua na kukataa kuuliza kunafanya."

Bugali iliungua siku ile. Neema alifikiri ni moto ilizidi.

Hakuuliza muntu. Hiyo, yaya, njo imenichoma kupita yote. Wewe uliuliza. Uliniuliza mimi.

Nataka tuirudie, mimi na wewe, vile ilikuwa, sababu mule ndani tulikuwa wawili tu, na sasa nimebaki mimi.

Treni ilikuwa imekufa kitambo. Chumvi tulipima na kijiko. Kuna wamama walitoka pori wamevaa gunia, na kwa nyumba zingine kikwembe ilikuwa moja, muke mumoja anaivaa kwenda shamba, mwenzake anangoja ndani mpaka irudi. Nani leo atasadiki? Kisha ndege zikaanza kushuka, askari wa kofia za bluu wakaja, watu wa mashirika wakaja nyuma yao. Mimi nilikuwa nauzia askari karanga kule njia ya uwanja wa ndege. Nikaokota maneno yao, moja leo, moja kesho. Salamu, asante, ngapi, kesho, nzuri. Labda maneno kumi. Watu wakaanza kuniita Mama Angelé, mama wa kingereza. Na mimi, yaya, niliitika na moyo wote. Baba alinitoa shule mwaka wa tatu, akasema musichana ametosha. Nikawa nasaini na kidole, kuandika nilijifunza nyuma. Sasa watu wananiita jina ya muntu mwenye kusoma. Njoo unione vile nilikuwa natembea.

Ile siku mama wa shirika alikuletea majora ya kitambaa ya bluu na karatasi. Magauni makumi mawili ya wazazi wa maternite, nyumba ya kuzalia, wake wasizalie tena kwa magunia. Ulikuwa fundi wa kwanza wa Mikelenge kupewa kazi kama ile. Mukalimani wake alituonyesha shingo na mikono kwa mwili wake yeye mwenyewe, akageuka geuka kama bibi arusi, tukacheka. Kisha ndege ikawabeba, wakasema watarudi kisha majuma mbili. Tukabaki na karatasi. Hakuna picha. Maneno mbili ya kingereza na namba mbili, moja kubwa, moja ndogo.

Kifaransa ulisoma. Ingekuwa longueur na largeur, urefu na mapana ya kifaransa, usingetaka muntu. Lakini hizi zilikuwa zingine. Ulizitazama, ukakunja karatasi, ukasema, "Kesho asubui navuka Alunguli, nimuulize yule mwalimu muzee."

Na mimi nikasema, "Kuvuka ya nini, yaya, na mimi niko?"

Nikachukua karatasi. Nikaweka kidole kwa width, kule iko namba ndogo. Nikasema, "Hii njo urefu."

"Una hakika, mudogo wangu?"

"Yaya, mimi na kingereza tunalala kitanda moja."

Ulicheka. Ulicheka mpaka ukashika mbavu. Lakini ulipochora na chaki, ulisimama ukatazama. "Urefu hii itaishia kwa kitovu. Na mapana hii, watavaa wawili wawili?" Na mimi, na ile tumbo yangu ya miezi saba mbele yangu, nikakujibu bila haya, "Ni ya muke wa mimba, yaya. Tumbo inaomba nafasi. Na huku chini mukunga anaomba njia." Ukatikisa kichwa. Sisi wote tulizaa na vikwembe vyetu, nani alikuwa ameona gauni ya kuzalia? Ukanipima hiyo mapana kwa tumbo. Ukasema, "Basi, vizungu hivyo." Ukakata.

Nasikia bado ule mukasi. Ulikuwa unakata pole pole, sababu kitambaa wakati ule ilikuwa kitu ya heshima. Shingo ukatoa, makwapa ukatoa, yote makumi mawili. Na nguo ukishatoa shingo na makwapa, hauwezi kuigeuza tena.

Miaka yote hii nimejiambia kama niliogopa muto. Upande ule juma ile risasi zilikuwa zinalia, hiyo ni kweli. Nilijiambia, nilimulinda yaya wangu asivuke. Uongo, yaya. Risasi sikuziwaza. Niliwaza sura yako wakati yule mwalimu muzee atakuambia maana ya zile maneno, na wewe utarudi unitazame, ujue kama Mama Angelé iko na maneno kumi tu ya kuuza karanga.

Siku ya kuzitoa, maternite ilijaa watu. Mukunga akavaa moja juu ya nguo zake ili watu waone. Ikaishia kwa kitovu. Huku na huku ikatanuka, mukono na mukono. Mukunga akaivuta chini, ikarudi juu. Kisha muke mumoja nyuma akaita, "Ee fundi, hii ni gauni ao ni mwavuli?" Basi. Hata wagonjwa walicheka. Yule mama wa shirika njo hakucheka. Aliuliza, mukalimani akageuza, "Nani alisoma karatasi?"

Nilikuwa nyuma yako na kapo ya magauni kwa kichwa. Niliona shingo yako tu. Nilingoja ugeuke. Ungegeuza tu kichwa kidogo, ingetosha, nisingekulaumu.

Hukugeuka. Ulisema, "Ni mimi. Mimi njo fundi."

Na mimi nikanyamaza. Nilikuwa na mudomo, nilikuwa na ulimi, nikanyamaza. Nilishika ile kapo kama njo kazi Mungu aliniumbia.

Majora yaliyobaki wakapeleka kwa fundi mwingine. Bibi arusi waliacha kuleta vitambaa. Sokoni wakikuona, "Fundi Mwavuli, leo utatukinga mvua?" Ulikuwa unawajibu na muzaha, ukicheka nao, mimi peke yangu nilijua vile nyumbani ulikuwa unapima kitambaa moja mara tatu, unaogopa kukata. Kisha ukaenda Kalima na mashini kwa kichwa, kushonea wachimbaji magoti ya masuruali. Miaka ngapi ile? Salima ukamwacha kwa mama yako. Ulipanga kufungua nyumba ya kufundishia wasichana kushona, ulishachagua hata mahali, karibu na kisima. Pale sasa wanauza mafuta ya pikipiki. Napitaga naangalia chini.

Na magauni yalibaki maternite, sababu mengine hayakuwako. Nikazalia moja, wewe haujaenda bado Kalima. Unakumbuka? Baraka alikawia, na mimi niko pale na ile mwavuli imeishia kwa kitovu, wanaume wa kubeba maji wanapita. Ukavua kikwembe yako ya juu. Ukasimama kwa miguu yangu, ukaitanua na mikono yako miwili, ukasimama hivyo tangu asubui mpaka mutoto akalia. Nililia nikasema, "Yaya, ile karatasi..." Ukasema, "Nyamaza. Leo si mambo ya nguo. Leo ni mambo ya mutoto."

Mara ya pili nilijaribu kwa muto, tulikuwa tunafua, ulikuwa umerudi Kalima. Nikasema tena, "Yaya, ile karatasi." Ukanitupia mwisho wa shuka. "Shika kule, tukamue." Tukakamua. Ulikamua mpaka maji ikaisha kabisa. Nikashukuru, yaya. Nilishukuru kama umenizuia. Nikajiambia, yeye mwenyewe hataki. Kumbe ningeweza kusema nikikamua. Mudomo haukamui shuka.

Na sasa nifike kwa ile ninaona haya hata kuandika. Siku ya kilio chako, wamama walikaa kwa mukeka, wakalia, wakachoka kulia, wakaanza kukumbuka. Mumoja akasema, "Lakini Fundi Mwavuli wetu!" Wakacheka, si kwa ubaya, kwa mapendo. Wakanitazama, "Mama Baraka, si ulikuwako?" Na mimi nikacheka. Wewe uko ndani, umefunikwa, hawajakuosha bado, na mimi nacheka hadisi yangu nimekuvalisha wewe. Nilipanguza machozi, wakasema, "Tazama vile alimupenda."

Basi kisha ile bugali kuungua sikupata amani. Nilikuwa nikila, nasikia darasa nzima inacheka. Kila mwaka darasa mupya, kila mwaka unakuwa mujinga mara ingine. Na mwenye kukufanya mujinga ni mutoto wako, na hana kosa, sababu hakuna muntu amemwambia.

Alhamisi nilienda kwa Salima. Alikuwa anasahihisha kaye mbele ya nyumba. Aliniwekea kiti, sikukaa. Nilijua nikikaa tutaanza kuongea bei ya muchele, na nitarudi nyumbani vile vile. Nikasema nimesimama. Nilisema yote. Karatasi, kidole changu, kitanda moja, tumbo, kapo. Sikusema habari ya risasi, ili nisijipatie mahali pa kujificha.

Salima aliweka biki chini. Akafunga kaye. Kisha akasema, na hakupandisha sauti, "Nilikuwa mutoto, shuleni waliniita mutoto ya Mwavuli. Nikamkatalia mama kunisindikiza. Nilimwambia kama anataka kuja, atembee nyuma, mbali. Alitembea nyuma, mama mudogo. Hata aliporudi toka Kalima, mpaka nikamaliza shule, mama alikuwa anatembea nyuma yangu."

Yaya, hukuniambia hiyo. Hata siku moja.

Nikapiga magoti. Akasema, "Simama. Mimi njo nilifundisha ile hadisi miaka saba. Siku ya kwanza ya juma kuja shuleni saa mbili. Uifundishe wewe." Akachukua biki yake, akarudi kwa kaye zake. Hakunisindikiza mpaka njiani. Nilitembea peke yangu, na nikaona ni haki.

Siku ya kwanza ni kesho.

Naogopa, nisikufiche. Leo nimefagia kiwanja mara mbili. Nitasimama mbele ya tablo, mimi wa mwaka wa tatu, mbele ya watoto wenye kujua kifaransa na kingereza, na Neema wangu kwa benchi ya pili. Neema nilimwambia jana asubui, hapa mbele ya mashini. Hakucheka. Aliuliza tu, "Na mama mukubwa alikuwa anajua ni wewe?" Nikasema, alijua tangu siku ya kwanza. Akachukua metre akaikunja pole pole, akairudisha mahali pake. Tangu pale hajapima kitu. Anateka maji mara nyingi kupita vile tunahitaji.

Ile gauni nilizalia, niliiba maternite. Hiyo pia haukuijua. Iko chini ya sanduku yangu miaka yote, imekunjwa. Kesho nitaipeleka kwa mufuko, na mbele ya watoto nitaivaa juu ya nguo zangu. Waone vile inaishia kwa kitovu. Wacheke sana, wafe na kicheko, lakini wacheke mwenye hadisi. Kisha nitawaambia, fundi alitaka kuvuka muto kuuliza, mimi njo nilimzuia sababu niliona haya kusema sijui.

Na ingine nakuahidi. Kitambaa ya bluu imeuzwa tena sokoni, nimechukua ya gauni moja. Leo asubui mbele ya misa niliitandika kwa meza, nikamwita Neema. Nikamwambia, nionyeshe urefu. Akanionyesha. Nikamwambia, nionyeshe width. Akapitisha kidole toka pindo mpaka pindo. Nikamwuliza tena. Nikamwuliza mara ya tatu, akasema, "Mama, ni ile ile." Nikasema najua, lakini acha niulize. Kisha nikachora na ile nusu ya chaki yako. Kesho nikitoka shuleni nitakata, na pedali italia. Ikiisha nitaipeleka maternite, na wakiuliza ni ya fundi gani, nitasema ni ya Fundi Mwamini wa Mikelenge. Wasichana wawili wameniomba niwafundishe. Nitawafundisha kwa mashini yako, na siku ya kwanza kabisa, mbele ya kushika sindano, nitawafundisha kusema sijui.

Neema anarudi, nasikia ndoo. Nakuaga hapa, yaya wangu. Ulale vizuri kwa upande wako. Sikuombi unisamehe leo, wewe ulinifunika kitambo, na kikwembe yako ilikuwa ndogo. Nakuomba kitu moja. Kesho saa mbili nitaingia ile shule kwa mulango wa mbele, ule Salima alikuwa anapitia. Usitembee nyuma. Kuja tupite sote wawili, mulango ni mupana, nitamtuma Neema aupime.

Ni mimi mudogo wako, asiyejua kingereza,
Mama Baraka